Mbona Umenipaka Unga?

"Mjukuu wangu, mbona umenipaka unga?"

Bibi alikuwa ameishika picha kwa ncha za vidole, pembeni, kama mtu anayeshika cheti asije akakichafua. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu, maana mteja aliyekasirika unajua la kumfanya: unaomba radhi, unapunguza bei, unapiga upya. Yeye aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji isiyo yake na anataka kujua ni ya nani.

Nikacheka kicheko cha biashara. Nikamwambia ni mambo ya taa hayo bibi, taa za siku hizi kali. Akaitikia kwa kichwa, akairudisha picha kwenye bahasha, akalipa hela yote bila kuomba apunguziwe, akaondoka polepole akishika ukuta wa korido.

Sikuwa nimempaka kitu. Wala sikuwa nimegusa ngozi yake kwenye kompyuta.

Wiki tatu nililala na swali hilo na kuamka nalo.

## Chumba

Studio yangu ni chumba alichokuwa akilala mdogo wangu kabla hajaolewa. Mita tatu kwa tatu na nusu, Tabata, kuta za kijani kile cha zahanati ambacho mwenye nyumba alikipata kwa bei nzuri na hataki kusikia habari za kukibadilisha. Dari ni jipsamu nyeupe. Ukishaweka kiti, stendi na pazia la nyuma, anayepiga anabaki na nafasi ya kupita ubavu ubavu.

Humo nilikuwa na taa tatu za LED za bapa, seti moja, zenye stendi nyembamba kama miguu ya korongo, pamoja na ringi laiti ya inchi 18. Moja kushoto, moja kulia, moja juu, na ile ya duara mbele, lensi ikichungulia katikati yake. Mpangilio huo niliujivunia. Nilianza kazi kwa balbu ya chumba, na aibu ya miaka ile ilinifundisha jambo moja tu: kivuli ni adui. Kivuli chini ya pua, kivuli shingoni, kivuli ukutani. Kila nilipokiona niliongeza taa upande huo. Kikahamia upande wa pili, nikakifuata na taa nyingine, kama mtu anayefukuza panya kwa ufagio.

Mwisho chumba kikaisha vivuli kabisa. Wateja wakasifia. Picha zinang'aa, walisema, na kweli ziling'aa.

Hakuna aliyelalamika mpaka alipokuja mtu aliyekuwa na picha ya kulinganishia.

## Kovu

Siku ile ya kwanza bibi alikuja na picha yake ya zamani ili nijue anachotaka. "Ya hivi," alisema. Nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, kingo zimekatwa mawimbi mawimbi. Nyuma kumeandikwa 1968 kwa wino, na muhuri wa studio umefifia hadi likabaki neno TANGA peke yake. Alikuwa msichana. Shingo ndefu, gauni la mikono mifupi, uso umegeuzwa kidogo pembeni. Nikasema nzuri sana bibi, nikamkalisha katikati ya taa zangu nne. Niliitazama kwa adabu tu, kama mgeni anayeonyeshwa albamu sebuleni huku akisubiri chai.

Wiki ya pili baada ya lile swali nikafungua picha niliyompiga mimi, nikaikuza, nikaona kuna kitu kimepungua. Ilinichukua muda kujua ni nini. Bibi ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, dogo, mfano wa punje ya mchele. Nalikumbuka kwa sababu nilipokuwa nikiongea naye lilikuwa mbele ya macho yangu. Kwenye picha halipo.

Mimi sikulifuta. Taa ndizo zilizolifuta.

Kovu ni kilima kidogo juu ya ngozi, au kibonde. Jicho hulitambua kwa sababu upande wake mmoja unapata mwanga na wa pili haupati. Umulike uso kutoka kushoto, kulia, juu na mbele kwa nguvu ileile, kila kibonde kinajaa. Kovu linakwenda. Linafuatana na mfupa wa shavu, na ile mikunjo miwili ya kando ya mdomo iliyomchukua mtu miaka sabini kuipata, na taya. Unabaki na sahani yenye macho.

Halafu kamera ikamalizia. Nilikuwa nimeiachia ijipimie mwanga yenyewe. Kipimo cha kamera hudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha katikati. Bibi ni mweusi hasa, alivaa baibui jeusi, na nyuma yake nilitundika pazia jeusi. Kamera ikaona giza, ikahukumu kwamba mwanga hautoshi, ikafungua zaidi mpaka weusi wote ukapanda kuelekea kijivu.

Kijivu juu ya ngozi ya bibi ndio ule unga.

Najua wengi mtataka niseme hapa habari ya Kodak, kampuni ya filamu, na kadi ya Shirley, ile picha ya mwanamke mzungu iliyotumiwa na maabara kwa miaka mingi kupimia kama rangi zimekaa sawa, na ngozi zetu zikaachwa zijitafutie. Ni habari ya kweli. Lakini nilijikuta naikumbuka haraka mno, kwa raha, kama mtu aliyepata kisingizio. Kamera yangu haina filamu. Aliyewasha taa nne na kuiachia mashine iamue ni mimi.

## Lensi ya fundi saa

Nikaenda kwa bibi kuomba kuitazama tena ile ya Tanga. Shikamoo bibi, marahaba, karibu kiti. Nilikuwa nimeazima kwa fundi saa wa pale kituoni ile lensi yake ya kubana jichoni. Bibi aliniangalia nikiinama juu ya uso wake wa ujana na kidude jichoni, akamwambia mjukuu wake wa kweli alete juisi, mgeni haoni vizuri.

Nilikuwa natafuta kovu. Nikalipata, pale pale juu ya nyusi, na kivuli chake chembamba. Lakini kilichonishika kilikuwa chini yake kidogo, ndani ya jicho.

Kila mboni ina kioo. Chochote kinachommulika mtu kinajichora pale, kidogo, kwa umbo lake halisi. Kwenye macho ya bibi wa 1968 palikuwa na doa moja tu jeupe, juu upande wa kushoto, lenye pembe nne, limesimama wima, na katikati yake mstari mwembamba mweusi.

Dirisha. Dirisha lenye fito katikati.

Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu siku ile. Anakumbuka gauni lilikuwa la dada yake na alitakiwa alirudishe kabla ya magharibi. Anakumbuka mpiga picha alimkataza kucheka, naye akawa anabanwa na kicheko. Dirisha halikumbuki kabisa.

Niliporudi nikakuza macho yake kwenye picha yangu. Ringi nyeupe katikati ya mboni, kama ya samaki aliyekaa sokoni tangu jana, na pembeni yake vidoa viwili vya zile taa za bapa, kama gari linakuja usiku.

Tangu hapo nimeharibika. Siwezi kuona uso wa mtu kwenye kalenda, kwenye kadi ya mchango wa harusi, kwenye fulana ya msiba au bango la mgombea bila kuingia ndani ya jicho. Mwavuli wa taa unaujua kwa njiti zake. Sofboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa taa ili kulainisha mwanga, likiwa la pembe nane unalihesabu pembe. Anayeficha siri ya taa zake amesahau kwamba mteja anaondoka na ramani yote machoni. Ukipenda picha ya mtu, usimuulize alitumia taa gani. Ikuze.

## Dirisha la kusini

Basi nikazima zote, nikafungua pazia.

Vitabu vya wenzetu wa Ulaya husema studio ya mwanga wa mchana itazame kaskazini, na wazee wao walijenga hata mapaa ya vioo yakitazama huko. Kwao ni sawa, jua lao hupita upande wa kusini mwaka mzima. Ukilibeba shauri hilo hadi Dar es Salaam unalibeba kichwa chini. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua linachomoza, linapita na kuzama likiwa limeegemea kaskazini, na dirisha linalotazama kusini halipigwi na mwale hata mmoja. Linapokea anga tu. Mwanga mpana, mtulivu, wa siku nzima.

Dirisha la chumba changu linatazama kusini. Miaka miwili nilikuwa nimelifunika kwa blanketi ili lisiniharibie taa.

Nilimkalisha binti wa jirani kwenye ndoo iliyofunikwa, hatua moja kutoka dirishani. Nikatundika neti nyeupe juu ya nondo ili mwanga usije na michirizi. Upande wake mmoja wa uso ukawaka taratibu, wa pili ukazama taratibu, na pale katikati, mahali unapokutana mwanga na kivuli, ndipo shavu lilipokuwa. Nilishusha kamera nikamtazama kwa macho matupu, kama sijawahi kumwona. Namwona kila siku akichota maji.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga nyuso za mji mzima uani kwake, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake lenye nyuzinyuzi za pindo. Nilikuwa najua hilo tangu zamani. Nililichukulia kuwa ni habari ya umaskini wa vifaa.

Ila sitawadanganya kwamba nilimalizia hapo. Jirani ana bati jekundu, na kuanzia saa sita mchana bati hilo linatema wekundu wake moja kwa moja kwenye neti yangu. Wingu likipita, mwanga unashuka katikati ya tabasamu. Na wateja wangu ni watu wa kazi: wanakuja saa kumi na moja jioni, saa kumi na mbili, Jumapili wakitoka kanisani kukiwa na mvua. Dirisha halifanyi kazi ya zamu.

Nilihitaji taa moja inayojifanya dirisha. Hapo ndipo shida ya kuchagua ilipoanza upya.

## Kariakoo na kipande cha khanga

Dukani wanauza wati. "Chukua hii, wati mia na hamsini, hii chumba chako chote itakuwa mchana." Ndivyo nilivyonunua zile za kwanza. Safari hii nilikwenda na kipande cha khanga nyekundu mfukoni.

Jaribio ni la kishamba, linachekesha wauzaji, na limenisaidia kuliko maandishi yote ya kwenye maboksi. Unaomba taa iwashwe. Unaweka kile kitambaa chini yake, unaweka na mkono wako juu ya kitambaa, unapiga kwa simu. Kisha unatoka mlangoni, kwenye mwanga wa nje, unapiga tena. Chini ya taa moja khanga yangu iligeuka rangi ya tofali na mkono ukawa wa kijivu kijani, mkono wa mgonjwa. Boksi la taa hiyo liliandikwa kwamba rangi zake ni sahihi kwa asilimia tisini na kitu.

Taa za LED rahisi mara nyingi zina njaa ya wekundu. Ile namba ya CRI, kipimo cha usahihi wa rangi, inayoandikwa kwenye boksi ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na wekundu mkali haumo. Wekundu huo una kipimo chake peke yake, R9, na taa nyingi hukaa kimya kuhusu hicho. Sasa angalia kiganja chako, halafu mgongo wa mkono. Weusi wetu umekaa juu ya wekundu. Taa ikikosa wekundu, mtu mweusi anakuwa kama majivu, na hakuna kitufe cha kwenye kompyuta kitakachorudisha kitu ambacho hakikupigwa.

La pili, elekeza simu kwenye taa uone kama kuna michirizi inatembea. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa mbovu inapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona.

Swali la LED nzuri au flashi lilinichukua siku nne. LED unaona unachofanya: unasogeza, kivuli kinasogea. Flashi ni radi. Lakini LED ya wati 60 ndani ya sofboksi ilikuwa inanipa, kwa makadirio yangu, mwanga wa kutosha shata ya 1/125 tu, yaani lensi ikae wazi kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, na mtoto wa miaka mitatu hakai sehemu moja kwa 1/125. Flashi inamgandisha hata akiwa anaruka. Tena ukiwasha taa saa nzima ndani ya chumba hiki mwezi Februari, mteja anatoka jasho, unamwashia feni, feni inapeperusha mtandio.

Kilichoniamulia ni kitu kidogo: ndani ya flashi za studio kuna balbu ya kuongozea, dhaifu, inayowaka muda wote. Haitoshi kupigia picha, inatosha kukuonyesha kivuli kitakaa wapi. Kivuli ndicho nilichokuwa nakwenda kununua.

Muuzaji akataka kunipa flashi ya wati-sekunde 600, ndicho kipimo cha nguvu zake. Nikaomba ya 200. Alinitazama kama nimeomba nusu kilo ya sukari kwenye duka la jumla. Lakini kwenye chumba cha mita tatu flashi kubwa ni balaa: unaishusha mpaka mwisho na bado inakuchoma. Ya 200 naitumia kwa robo ya nguvu, mara nyingi pungufu ya hapo.

Na sofboksi: la pembe nne, sentimita 80 kwa 120, lenye vitambaa viwili vya kulainisha. Pembe nne kwa sababu nilitaka dirisha ndani ya jicho. Hiyo ilikuwa sababu ya moyo zaidi kuliko ya ufundi, na sijutii.

"Moja haitoshi," akaniambia huku ananifungia. "Utarudi."

## Kaniki

Usiku wa kwanza ilionekana amesema kweli.

Taa moja, ubavuni, digrii kama 45, juu kidogo ya usawa wa macho, mita mbili kutoka kwenye kiti. Mwanamitindo alikuwa mdogo wangu, amekuja kudai chumba chake kwa utani. Nikapiga. Unga. Si mwingi kama ule wa bibi, lakini unga. Na upande wa pili wa uso, ule uliotakiwa kuwa na kivuli, taya lake lilikuwa na rangi ya mchicha.

Nikakaa kitandani pa zamani pake, ambapo sasa ni mkeka, nikaangalia ukuta.

Ukuta ni taa. Ndicho nilichokuwa sijakielewa kwa miaka miwili. Kwenye chumba kikubwa mwanga unaompita mteja unakwenda zake na kupotea. Kwenye chumba changu hauna pa kwenda: unagonga ukuta mita moja mbele, unajipaka kijani, unarudi. Unagonga dari, unarudi. Nilikuwa na taa moja kwenye stendi na nyingine tano zimejengwa kwa tofali.

Asubuhi nikanunua kaniki. Ile ile ya bibi zetu, nyeusi, isiyo na maua, isiyorudisha kitu. Nikaifunga kwenye kamba ya kuanikia kwa vibanio vya nguo, nikaisimamisha upande wa kivuli, karibu kabisa na bega lake lakini nje ya fremu. Na sofboksi nikalivuta hadi mita moja kutoka usoni.

Hapo hesabu ikaingia. Mwanga hupungua haraka sana jinsi unavyoenda mbali: ukizidisha umbali mara mbili, inabaki robo. Taa ikiwa mita mbili kutoka usoni, na pazia liko mita moja na nusu nyuma yake, pazia linapata kama theluthi ya kinachompata mtu. Ukisogeza taa iwe mita moja, pazia linapata kama sehemu moja ya sita. Hivyo hivyo na ukuta, hivyo hivyo na dari. Kwa kuisogeza karibu nililazimika kuishusha nguvu, na chumba chote kikazama nyuma ya mtu, kijani chake na yote.

Nikapiga. Taya likarudi.

Nilikuwa nimetumia hela kununua mwanga, na sasa elfu kadhaa za kununulia giza ndizo zilizofanya kazi.

Kuna kitu kingine kuhusu ngozi nyeusi ambacho sikukipata kwa kupiga picha. Nilikipata Mwenge, kwa wachongaji. Kinyago cha mpingo ukikiweka chini ya balbu ndogo kina kidoa kikali kichwani na kwingine kote hakisomeki. Fundi mmoja, nikiwa nazunguka tu, alikichukua cha kwake akakipeleka mlangoni ili mteja akione, akakigeuza kidogo, na mng'ao mpana ukateleza kutoka kwenye paji hadi begani, na kinyago kizima kikatoka gizani. Kwenye kitu cheupe umbo unalisoma kwa vivuli. Kwenye cheusi unalisoma kwa mng'ao, na mng'ao huo ni taswira ya taa yenyewe: taa ndogo, kidoa cha mafuta kwenye paji; taa pana iliyo karibu, utepe laini unaofuata mfupa. Nilikuwa nawafuta wateja jasho kwa tishu miaka yote hiyo. Wengi wao hata jasho hawakuwa nalo.

## "Nisafishe kidogo"

Msidhani mtaa mzima ulishangilia.

Binti mmoja aliyetaka picha za bethidei aliangalia skrini, akanyamaza, akasema, "Sasa mbona nimekuwa mweusi hivi? Nisafishe kidogo basi." Mama yake akaongeza kwamba zile za mwezi uliopita za shosti wake zilikuwa safi.

Safi. Sikuwahi kulisikiliza neno hilo kabla ya bibi.

Jibu la kishujaa ningekuwa nalo kama kodi ingekuwa inajilipa. Nilichofanya ni kuacha rangi yake kama ilivyo na kugusa taa: nikaipandisha mbele yake, juu ya lensi, ikitazama chini, nikampa ashike karatasi mbili nyeupe za manila mapajani zirudishe mwanga kidevuni. Kaniki nikaitoa. Uso ukafunguka, macho yakawaka, na alikuwa bado mweusi vilevile. Akaitazama kwa muda. "Hii sawa," alisema. Mama yake hakusema kitu.

Sijui kama nilimshinda au nilimkwepa. Yupo mwingine ambaye sikumweza, nikamsafisha kwenye kompyuta kama alivyotaka, akafurahi, akaleta wateja wawili.

Ringi laiti sijaiuza. Picha za pasipoti na za vitambulisho zinataka uso usio na kivuli, na huko ndiko kwake. Zile tatu za bapa nilimwachia dogo anayerekodi mapishi.

## Alipokuja tena

Mwezi uliofuata nikamfuata bibi mwenyewe. Nikamwambia nataka kurudia, bila malipo. Akasema bila malipo hataki, lakini atakuja.

Alikuja asubuhi na gauni lake la kitenge, baibui kaliacha. Akatazama chumba: taa moja, kaniki imetundikwa kwenye kamba. Akauliza nani amefiwa.

Nikamkalisha uso ukiwa umegeuzwa kidogo, kama Tanga. Kamera safari hii niliipangia mwenyewe kila kitu, haikuulizwa maoni. Radi ya kwanza ilimfumbisha macho, na ya pili. Nikamwambia bibi, yafumbe mwenyewe, nikihesabu tatu ufumbue. Moja, mbili. Alipofumbua kulikuwa na kicheko kimembana.

Nilipiga sita. Nikachapa moja nikampelekea kwake jioni.

Aliishika vilevile, ncha za vidole, pembeni. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akaitazama sana. Kisha akainua mkono wa kushoto, akagusa juu ya nyusi, pale kwenye punje ya mchele, bila kuiangalia picha wala kuniangalia mimi.

"Niligongwa na mchi," alisema. "Wa dada yangu huyo huyo mwenye gauni."

Akaigeuza picha nyuma. Ilikuwa nyeupe tupu.

"Muhuri wako uko wapi?"

Nikamwambia sina, bibi. Akanitazama kama siku ile ya unga. Kisha akamwita mjukuu alete kalamu, akanipa mimi, na nikaandika nimeinama kwenye goti, kwa mwandiko wangu mbaya: Tabata, na tarehe.